Chomeka au andika? Maswali yenu ya kuchezea umeme wa gari

Awamu hii maswali ni mengi na karibu yote yanauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: ninunue kidude cha kuchomeka, au nimpe mtu mwenye laptopu aingie kwenye kompyuta ya gari abadilishe humohumo ndani. Nimechagua sita. Ila jamani, acheni kuandika "nataka kukodi gari langu" mkimaanisha kulifanyia kodingi, yaani kuandika upya maagizo ya kompyuta yake, kuna barua nimekaa nayo dakika nzima nikidhani mtu anatafuta gari la kwenda nalo harusini.

Shikamoo fundi. Gari langu linazima injini kila nikisimama kwenye foleni. Kitufe cha kuutoa huo mfumo kipo, lakini nikiwasha gari upya unajirudisha wenyewe, kwa hiyo kila siku nabonyeza. Nimeona kidude kinachomekwa nyuma ya kitufe eti kinakumbuka. Jamaa mwingine ananiambia nisinunue, yeye ataandika kwa laptopu dakika tano kazi imeisha. Nani mkweli? – Niliyechoka na stati-stopu

Marahaba. Wote wawili wakweli, ndo maana umechanganyikiwa.

Hicho kidude ni kitu rahisi sana. Nyuma ya kitufe kuna plagi, unabandua kava ya plastiki taratibu, unachomoa plagi, kidude kinakaa katikati ya plagi na kitufe basi. Ukiwasha gari kinasubiri kidogo halafu kinajifanya kidole chako, kinabonyeza. Gari lenyewe halijui kama kuna mgeni, linaona mwenye gari kabonyeza kitufe kama kawaida. Siku ukitaka kuuza gari unakitoa, unarudisha plagi, hakuna aliyejua.

Laptopu ni habari nyingine, pale unabadilisha maagizo yenyewe, na hapa ndo watu wengi hawaulizi swali la maana: hayo maagizo mtengenezaji aliyaweka kama chaguo au tunamdanganya gari? Kwenye BMW nyingi kuna chaguo kabisa ndani ya kompyuta, unaiambia stati-stopu ikumbuke hali ya mwisho uliyoiacha, na apu kama BimmerCode inalifanya hilo kwa simu na adapta. Safi. Kwenye baadhi ya magari ya kundi la Volkswagen mafundi wanapita njia ya panya: wanaingia moduli ya geti, ile kompyuta ndogo inayounganisha kompyuta nyingine za gari, wanakuta kipimo cha volti za kuwashia kimewekwa 7.6, wanakipandisha hadi 12. Betri ikishazungusha stata haiwezi kubaki juu ya 12, kwa hiyo gari linajiona betri haifai na stati-stopu inakataa kufanya kazi. Inafanya kazi kweli, sikatai, ila umelifundisha gari kuidharau betri nzima, na miaka miwili mbele fundi mwingine akija kutafuta tatizo la betri atazunguka mbuyu mpaka jua lizame.

Kwa hiyo msimamo wangu: chaguo likiwepo ndani, andika. Kama ni ujanja wa kudanganya, chomeka.

Na ukiamua kuandika kaa karibu na huyo jamaa uone anachofanya. Ndani ya moduli maagizo yamepangwa kwa baiti, kila baiti inaonekana kama herufi mbili, tuseme 0A, na ndani yake kuna swichi nane za ndiyo na hapana. 0A maana yake 00001010. Ukiwasha swichi ya mwisho kabisa inakuwa 0B, yaani tofauti ya herufi moja kwenye skrini, na hiyo herufi moja inaweza kuwa ni vioo kufunga kwa rimoti au ni kuliambia gari halina eabegi upande wa abiria. Ndo maana mtu anayeandika bila kuhifadhi kwanza ile ya zamani mi namfukuza. BimmerCode inahifadhi yenyewe kabla ya kubadilisha, FORScan ya magari ya Ford ina sehemu ya kuhifadhi, VCDS ya kundi la Volkswagen unafanya skani ya gari zima unaiweka kwenye faili. Asipokuwa na hiyo tabia, mwambie anywe soda yake aende. Halafu piga picha ya skrini kwa simu yako wewe mwenyewe, usitegemee laptopu ya mtu, laptopu za mafundi zinakufa kila siku.

Jambo la mwisho, gari likienda kwa wakala wa kampuni likapewa programu mpya, kodingi mara nyingi inafutika yote, inarudi ya kiwandani. Kidude cha plagi hakiguswi. Kwa mtu ambaye gari lake linahudumiwa kwa wakala kila mara, hilo peke yake linaweza kukata shauri.

Fundi mambo? Nimeweka balbu za LED kwenye indiketa, sasa zinawaka haraka haraka kama zina kichaa na dashibodi inaniambia balbu imeungua. Muuzaji kanipa rezista nichomeke. Nichomeke? – Indiketa kichaa

Poa. Subiri kwanza.

Balbu ya kawaida ya indiketa ni wati 21, inakula karibu ampea 1.75. Gari linapima huo umeme, likiona umeshuka sana linajua balbu imekufa na linakuonya kwa kuflashi haraka. LED inakula kidogo mno, kwa hiyo kwa macho ya gari hakuna balbu pale. Rezista kazi yake ni kula umeme wa bure ili gari litulie. Ile ya omu 6 ambayo ndo inauzwa sana, gari likiwa linachaji volti 13.5, inageuza wati kama 30 kuwa joto kila indiketa inapowaka. Umenunua LED kupunguza umeme, halafu umeweka pasi nyuma ya taa.

Mi mwenyewe nilishafanya huo ujinga. Zamani kidogo, gari langu, nilikuwa na haraka, nikaibandika rezista kwa gundi ya pande mbili kwenye plastiki ndani ya buti maana hapo ndo palikuwa karibu. Siku moja nikaacha taa za hazadi zinawaka muda mrefu nikisubiri mtu, nikasikia harufu ya plastiki, nafungua buti nakuta rezista imezama kwenye ile plastiki kama kijiko kwenye siagi, na waya wa pembeni gamba limeanza kulainika. Tangu siku hiyo rezista inafungwa kwenye chuma kwa skrubu, mbali na waya, mbali na zulia, la sivyo haifungwi.

Sasa laptopu. Magari mengi ya siku hizi moduli ya taa unaweza kuiambia hapa kuna LED, na yenyewe inabadilisha kipimo chake, inaendelea kukulinda siku LED ikifa. Hiyo ndo nzuri kuliko zote, hakuna joto, hakuna waya wa ziada. Lakini sio kila moduli ina hilo chaguo, kuna ambazo cha kufanya ni kuzima ulinzi wa balbu kabisa, hapo siku taa ikifa utaambiwa na aliyekugonga kwa nyuma. Muulize anayeandika: unabadilisha aina ya balbu au unazima ukaguzi? Akibabaika umeshapata jibu.

Na kama gari lako ni la zamani, indiketa zinaendeshwa na rilei, ile inayolia tik-tak kweli na sio spika, basi usihangaike na laptopu wala rezista. Chomoa rilei, chomeka rilei ya LED ya umbo hilohilo, imeisha. Hapo kuchomeka kumeshinda bila mjadala.

Fundi habari. Nilinunua kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari, gari likifika spidi fulani milango inajifunga yenyewe. Nakipenda. Tatizo nikisafiri wiki mbili nikirudi gari haliwaki, betri imekufa. Betri ni mpya. – Msafiri

Salama. Betri haina kosa, mwenye kosa yuko chini ya usukani.

Ile soketi ina pini 16, na pini ya 16 ina umeme wa betri saa zote, funguo iwepo isiwepo. Kidude kizuri gari likilala nacho kinalala. Cha hovyo kinakaa macho usiku kucha. Tuseme kinakula miliampea 50 tu, sio nyingi, ila kwa siku hiyo ni ampea-saa 1.2, kwa wiki mbili karibu 17, na bado hujahesabu gari lenyewe linakula nalo kiasi likiwa limepaki, na kibaya zaidi kidude kinachoongea ongea kwenye nyaya za CAN, zile moduli zinazozungumzia, kinaweza kuzuia moduli nyingine zisilale, hapo sio miliampea 50 tena. Betri ya ampea-saa 60 ambayo haikuwa imejaa vizuri ulipoondoka, itakushangaza vipi?

Ukitaka uhakika chomoa kidude, chukua mita, iweke kwenye waya hasi wa betri, funga gari, subiri nusu saa ilale kweli, soma. Chomeka kidude, funga, subiri tena, soma. Ile tofauti ndo mwizi wako.

Halafu kabla hujanunua kingine, cheki kama gari lako lina hilo jambo tayari ndani. Milango kujifunga kwa spidi ni kitu ambacho magari mengi mno yanacho kimezimwa tu, kwenye mengine hata laptopu haihitajiki, kipo kwenye menyu ya dashibodi au ni kubonyeza kitufe cha loki na kukishikilia kama kitabu cha gari kinavyosema. Kitabu, ndiyo, kile kilichopo chini ya karatasi za bima kwenye droo.

Na tukiwa hapohapo kwenye soketi: kitu chochote chenye laini ya simu au Bluetooth ukikiacha pale saa zote, umeacha dirisha wazi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walitumia kidude cha aina hiyo kilichochomekwa kwenye Corvette, wakatuma meseji za simu, wakacheza na breki za gari. Meseji tu. Adapta yako ya Bluetooth tumia, ukimaliza chomoa weka mfukoni.

Fundi, nina dizeli ya tabo. Nataka nguvu kidogo. Boksi la kuchomeka au rimapu? Gari bado lina waranti. – Mguu mzito

Hapa ndo penyewe, acha nivute kiti.

Boksi unalichomeka kwenye sensa, kwa dizeli mara nyingi ni sensa ya presha ya reli ya mafuta, au ya presha ya tabo, au zote. Kazi yake ni kusema uongo. Presha halisi ikiwa kubwa, boksi linaiambia kompyuta ni ndogo, kompyuta inaongeza, nguvu inapanda. Yale ya bei ya kutupa ndani unakuta rezista tu, uongo uleule saa zote, injini ikiwa baridi, ikiwa moto, ukiwa kwenye mlima umebeba mzigo, hayabadilishi kauli. Yale mazuri yanasoma sensa kadhaa na yanajua wakati wa kukaa kimya. Kati ya hayo mawili kuna umbali kama wa baiskeli na treni, japo kwa nje yote ni maboksi meusi yenye stika.

Tatizo la boksi ambalo wauzaji hawaligusi ni giaboksi. Kompyuta ya injini kila wakati inaiambia giaboksi ya otomatiki nguvu inayokuja ni kiasi gani, na giaboksi inabana klachi zake kulingana na hiyo namba. Sasa wewe umemdanganya wa kwanza, naye bila kujua anamdanganya wa pili. Nguvu inakuja nyingi kuliko iliyotangazwa, klachi zimebanwa kwa ile ndogo, zinateleza kidogo kidogo, hutasikia leo.

Rimapu inaingia ndani inabadilisha jedwali zenyewe za mafuta, za presha, na mipaka ya toki, yaani nguvu ya kuzungusha, kwa hiyo kila mtu ndani ya gari anaambiwa ukweli, na ulinzi unabaki kazini. Kwa ubora wa kazi, rimapu iliyoandikwa na mtu anayejua inalishinda boksi lolote. Nimesema mtu anayejua, sio aliyepakua faili la gari linalofanana na lako. Na wakati wa kuandika gari liunganishwe na chaja imara ya volti zisizoyumba, sio betri peke yake, maana kompyuta ikikatika umeme katikati ya kuandikwa inaweza isiamke tena na itabidi ifunguliwe mezani. Mtu akija na laptopu na adapta bila chaja kwa kazi ya rimapu, hata kama ni shemeji yako, hapana.

Sasa waranti, na hapa boksi linapumua kidogo. Rimapu inaacha alama. Kompyuta nyingi zinahesabu zimeandikwa mara ngapi, na kundi la Volkswagen lina alama yao maarufu, TD1, gari likikutwa na programu isiyo ya kiwanda linawekewa hiyo kwenye mfumo na madai ya injini na giaboksi yanaanza kuwa magumu, na kurudisha faili la zamani hakufuti hesabu. Boksi unalitoa kabla ya kwenda. Ila usijione mjanja sana: kompyuta inaweza kuwa imehifadhi kumbukumbu za presha na toki ambazo gari la kiwandani haliwezi kuzifikia, na mtu aliyesoma hizo namba hahitaji kuliona boksi. Mwenye waranti akiniuliza mimi, namwambia asubiri iishe. Hujapenda, najua.

Na anayekuambia katika rimapu hiyohiyo atakutolea na chujio la moshi la DPF, huyo anakuuzia kesi. Nchi nyingi hairuhusiwi barabarani na ukaguzi unakukamata.

Kile kidude cha kupunguza mafuta cha kuchomeka OBD je? – Mbana matumizi

Taka. Waliovifungua hivi vya kijani vya bei rahisi wamekuta taa ndogo zinazomwekamweka na chipu ya kuziwasha, yaani haviongei na gari kabisa. Ukitaka kubana mafuta, jaza upepo kwenye matairi.

Fundi, kuna gari jipya kidogo nimenunua. Fundi wangu wa siku zote kaja na adapta yake, inasoma kila kitu lakini akitaka kuandika inakataa. Anasema adapta yake ni feki, nimpe hela ya nyingine. Halafu nilitaka vioo vya pembeni vijikunje nikifunga gari. Nifanyeje? – Mgeni wa gari jipya

Karibu. Adapta inaweza kuwa feki kweli, zile za ELM327 za bei ya chini nyingi ni kopi ambazo amri nyingine hazizijui, kusoma zinasoma, kuandika zinachoka katikati. Lakini kwa gari jipya mi nashuku kitu kingine, kufuli. Mwaka 2015 jamaa wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, waliiingilia Jeep Cherokee kwa intaneti ikiwa inatembea barabarani, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Baada ya hapo watengenezaji wakaanza kuweka mageti. Magari mengi ya Fiat Chrysler kuanzia 2018 yanaruhusu kusoma lakini kuandika mpaka uwe na kibali kinachopitia mtandaoni. Volkswagen wakaja na ya kwao inaitwa SFD kwenye Golf ya nane. Kwa hiyo muulize fundi wako gari lina geti au halina kabla hujamwongezea hela, na kama lina geti ajue programu gani inalipia kibali. Kinachonichekesha ni kwamba kwa yale ya Fiat Chrysler kuna kebo ya kuchomeka inayoruka geti ili uweze kuandika, yaani tumerudi palepale, unachomeka ili uandike.

Kuhusu vioo, kodingi inaliambia gari lina nini na likitumieje. Haiumbi mota. Angalia swichi ya vioo mlangoni kwako: kama ina alama ya kioo kilichokunjwa na ukiibonyeza vinajikunja, basi mota zipo na kilichobaki ni kuliambia gari lifanye hivyo likifungwa, hapo laptopu inatosha na ni kazi ya muda mfupi. Moduli ikikataa hilo, kuna vidude vinavyochomekwa kwenye plagi ya mlango vinafanya kazi hiyohiyo kwa kusikiliza loki. Kama hamna alama na vioo unavikunja kwa mkono, usimlipe mtu yeyote aandike kitu. Tafuta vioo vyenye mota, swichi yake, na ucheki kama moduli ya mlango wako ina hizo njia za umeme au ni ile ya toleo la chini isiyonazo, maana nayo itabidi ibadilishwe. Ukishajua hiyo moduli ina namba gani ya kipande, niandikie tena.